Matusi Niliyoyashukuru Njiani Kwenda Kongolo

Ninyi wamama wa mtaa wetu wa Makomeno mmenichosha. Tangu niliposhuka kwenye gari la moshi na watoto wangu wawili na kikapu cha samaki wakavu, kila siku mmoja wenu ananisimamisha bombani: Melania, ilikuwaje? Baba yako alikupokea? Huyu nikimpa nusu ya habari, yule anapata nusu nyingine, na jioni habari yenyewe inanirudia ikiwa na mamba ambaye mimi sikumwona. Kwa hiyo nimechukua daftari la Filipo, mume wangu, nimekaa mezani, nimeandika yote mara moja. Masista walinifundisha kuandika Kiswahili cha kitabu na nitajitahidi, lakini watu wa njiani hawakusema cha kitabu, na mimi sitawasahihisha. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, na huyo jirani asiruke mistari.

Habari za karatasi na ruhusa za kusafiri naziacha. Zilikula wiki nyingi, na sijaona mtu aliyeburudika kwa kusikia habari za karatasi.

Kwa nini nilikwenda

Ulimi wangu mnaujua, hamna haja ya kuelezwa. Lakini wengine hamjui ulinitenda nini kwetu. Miaka saba iliyopita Filipo alikuja Kongolo kuniposa, na baba akakataa. Alisema hampi binti yake mtu wa mbali ambaye hata kaburi la babu yake haliko karibu. Mimi, badala ya kungoja na kutuma wajomba wakaombe, nilimjibu mwenyewe. Tena si nyumbani: nilimjibu sokoni, mbele ya wavuvi na wanunuzi. Maneno niliyomwambia baba yangu mzazi siku ile siyaandiki hapa, maana daftari hili litabaki na watoto wataliona.

Baba hakuninyanyulia mkono. Aliapa mbele ya soko zima kwamba mguu wangu hautavuka kizingiti chake maadamu yeye anapumua. Nikamwacha amesimama pale, nikaondoka na Filipo, tukafunga ndoa kanisani hapa Elisabethville. Miaka sita sikuzaa. Mnakumbuka mlivyokuwa mkinong'ona, msikatae: hasira ya baba imemfunga tumbo. Nilijibu kwamba tumbo hufungwa na kufunguliwa na Mungu peke yake, na naamini hivyo mpaka leo, ila nilipobaki peke yangu nililia. Katikati ya miaka hiyo mama yangu alikufa. Habari ilinifikia mwezi mzima baada ya mazishi.

Halafu Mungu akanipa wawili kwa siku moja, Mbuyu na Kabange. Walipotimiza miezi sita nilikwenda kuungama. Mnajua padri wetu mzee hasikii vizuri, lazima umwambie dhambi kwa sauti, kwa hiyo mstari wote uliokuwa nyuma yangu ulisikia pamoja naye. Nilidhani malipizi yangu yatakuwa rozari tatu nne. Hapana. Aliniambia niende kwa baba, na baba atakapokasirika nisimjibu neno la hasira hata moja mpaka amalize mwenyewe, kwa sababu Bwana wetu alitukanwa na hakurudisha. Nikamwambia, Padri, Kongolo ni mbali. Akasema hata Kalvari ilikuwa na mlima.

Basi nilikwenda na maswali mawili tu: kama baba atanifungulia mlango, na kama mimi nitaweza kufunga mdomo. La pili ndilo lililonitia hofu zaidi.

Kutoka Elisabethville mpaka Bukama

Filipo hakupata ruhusa kazini, akatusindikiza mpaka kituoni asubuhi mapema. Gari lilipaswa kuondoka asubuhi ile, liliondoka jioni. Tulikaa juu ya mizigo, mtoto mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na bukari, yaani ugali wetu, niliyoisonga kwa ajili ya kesho tukaila siku ile ile pamoja na samaki wote. Filipo alikuwa akirudia kila saa: usijibu, Melania, usijibu. Mara ya nne nilimjibu.

Nilidhani nitateseka njia nzima na watoto wawili peke yangu. Kumbe sikuwashika sana. Mwanamke wa kwanza aliomba Mbuyu apumzike mapajani mwake, mumewe akaomba Kabange, jirani yao akaona wivu, na tulipopita Jadotville watoto wangu walikuwa wamezunguka behewa lote kutoka mkono hadi mkono. Kabange nilimkosa kabisa kwa muda. Alirudi kutoka mwisho wa behewa ana karanga zilizotafunwa mashavuni na kofia ya sufu ambayo si yake, na hakuna aliyekubali kwamba ni yake. Anayo mpaka leo.

Mbele ya Tenke gari lilikwama mlimani kwa kukosa maji. Tulishuka, tukaingia porini kuokota matunda ya masuku yaliyoiva, tukala mpaka tumbo likalalamika. Mzee mmoja ambaye hatukuwa tumesalimiana naye alinichagulia yale laini, akayakamua, akawalambisha watoto utamu wake kwa kidole. Jina lake sikuuliza. Ninapoomba namtaja tu kama mzee wa masuku, na Mungu anamjua.

Bukama, siku nne za kungoja

Kutoka Bukama unapanda meli ya mtoni mpaka Kabalo. Meli haikuwepo. Maji ya Lualaba yalikuwa yamepungua na meli ilikwama mchangani mahali fulani, na kila aliyeulizwa itafika lini alitazama mto kama vile mto ndio utakaojibu. Nilikaa kivulini sijui nitalala wapi.

Hapo akapita mama mmoja mnene mwenye kikapu cha samaki kichwani. Akanitazama, akatazama watoto, akashusha kikapu, akaweka mikono kiunoni. Sauti yake ilijaza gati lote: “Ona huyu muntu! Benzako banazaa mumoja sawa bantu, weye unazaa bawili sawa mbuzi! Haya hauna?”

Msiotoka kaskazini, ngojeni niwaeleze, msije mkamchukia bure mama wa watu. Kwetu, ukikutana na wazazi wa mapasa, yaani watoto waliozaliwa wawili pamoja, unawatukana. Si hasira, ni heshima. Wazee wanasema mapasa huja duniani na nguvu nyingi mno, na watu wanazipooza kwa matusi na kicheko. Mzazi naye sharti arudishe tusi lake, wote wacheke, ndipo watoto wamekwisha kusalimiwa. Hapa mjini padri haipendi desturi hiyo, hasa nyimbo zake, na kusema kweli zipo nyimbo ambazo hata mimi nazionea haya. Sikubishana naye. Lakini miezi minane hakuna mtu aliyewahi kunitukana kwa ajili ya watoto wangu, na sikujua kama nilikuwa na njaa ya jambo hilo mpaka mama yule aliponiita mbuzi. Nikaangua kilio pale pale.

Maskini, alidhani ameniumiza. Aliitwa Mama Adela, mkausha samaki. Nilimshukuru nikamweleza kwamba simrudishii tusi, ni kwa sababu ya malipizi yangu: nataka ulimi uzoee tangu njiani. Akasikitika kweli. Alisema hiyo ni salamu ya nusu, mapasa husalimiwa pande mbili, mto una ng'ambo mbili. Hata hivyo alibeba mzigo wangu, akanipeleka kwake, na siku nne nilikula samaki wabichi ambao hapa tunawaota tu. Ya kwanza na ya pili nilikaa kama malkia. Ya tatu aliniwekea kisu na kikapu mbele, akanikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliparua magamba mpaka vidole vikanuka wiki nzima, na sijawahi kufurahia kazi hivyo.

Mtoni

Meli ilifika siku ya tano, imechoka kuliko sisi. Sisi tulipanda kwenye tishali lililofungwa ubavuni mwake: mbuzi, magunia, baiskeli, wamama na majiko yao. Tulipikia pamoja. Huyu ana makaa, yule ana chumvi, mimi nilikuwa na samaki wa Mama Adela. Kila tulipokwama mchangani, wanaume walishuka na miti wakasukuma, na viboko walitutazama kutoka kwenye mafunjo bila haraka yoyote.

Siku ya pili nilifanya kosa. Nilikuwa na mzigo wangu umefungwa kitambaa cheupe, na karibu yake palikuwa na mzigo mwingine wa namna hiyo hiyo. Nilimkalisha Kabange juu yake nikidhani ni wangu. Kabange akafanya haja yake ndogo, na kwa mtoto wa miezi minane haikuwa ndogo. Mwenye mzigo alikuwa amekwenda kunawa. Alikuwa fundi wa kushona, mtu mrefu mwenye miwani, mashine yake ya cherehani ameifunga kwa kamba kama mbuzi wa sadaka. Aliporudi alitazama mzigo, akamtazama Kabange, akanitazama mimi, akapasuka.

“Mama gani huyu! Tumbo iko na nafasi ya bawili, kichwa haina nafasi ya akili hata ya mumoja! Batoto bako banakojoa sawa ng'ombe!”

Wapenzi wangu, nilifurahi. Nilisimama, nikapiga makofi ya heshima. Niliona nimepata mtu wa kwetu, tena mtu mwenye matusi mazuri, yamepangwa vizuri, mapasa wametajwa, mnyama ametajwa. Nikamwambia asante sana, baba, Mungu akuongezee, nikamwekea Mbuyu mikononi ili asalimie na huyu.

Akamshika mtoto. Alianza tena kunitukana, kwa sauti ya chini kidogo. Nikamshukuru tena. Mara ya tatu alisema “Mama…” akakosa la kuongeza, akaketi juu ya gunia na Mbuyu wake. Watu wa kaskazini waliotuzunguka walikuwa wanajifinya kwa kicheko, na mimi nikacheka nao, nikiona desturi imekwenda vizuri. Kabange alichelewa kusalimiwa, kwa hiyo nikampa na yeye.

Ni kesho yake ndipo mama mmoja aliyekuwa anapika karibu nami alinihurumia, akaniambia kwamba yule fundi hakuwa anasalimia mapasa wala nini. Alikuwa na hasira ya kweli. Ni mtu wa Nyasa, aliingia Katanga kwa njia ya Mokambo, akashona miaka michache hapa Elisabethville, na sasa anakwenda Kabalo kuanza kazi yake mwenyewe. Desturi yetu hakuwahi hata kuisikia. Na mzigo ule ulikuwa kitambaa chake chote cha kuanzia.

Nilitamani kuruka mtoni. Nilimwendea nikapiga magoti, nikamwomba radhi na kumweleza yote. Fundi Yakobo, ndilo jina lake, alinisikiliza akifuta miwani.

“Hasira ilikuwa ya kweli, mama, sikufichi,” alisema. “Lakini kila mara ninakutukana, weye unanishukuru. Nikatafuta tusi ingine ndani ya roho, nikaona hakuna tena. Ilikwisha yote.”

Kitambaa kilichopata maji alikifua mtoni, akakianika, na kwa siku mbili zilizobaki akawashonea watoto kanzu mbili. Nilikataa. Akasema kitambaa hicho hawezi kumwuzia mtu, mtoto wangu amekwisha kukibatiza. Yeye ni Mprotestanti, nikamwuliza kama huo ndio ubatizo wao. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na tangu hapo Kabange alilala kwake kila mchana.

Lakini mimi sikuwa na raha moyoni. Watu wa tishali walinisifu: tazama mama huyu, ametukanwa na hakukasirika, huyo ndiye Mkristo. Sifa hizo zilinichoma. Bwana wetu alipotukanwa alijua anatukanwa. Mimi nilidhani nasifiwa. Upole wangu ulikuwa ujinga mtupu, na ujinga hauhesabiwi kuwa fadhila. Nilijiuliza, na kama ningejua? Jibu nililipata Kabalo, na sikulipenda.

Kabalo, nilipoanguka

Pale Kabalo tuliagana na Fundi Yakobo. Nikaenda kituoni kungoja gari la Kongolo, nikaweka mizigo yangu kivulini penye ukuta. Hapo palikuwa mahali pa mama mmoja mwuza mihogo, naye alikuwa ameondoka kidogo. Aliporudi hakusalimia. Aliniambia niondoke, kwamba sisi wanawake wa Elisabethville tukivaa viatu tunadhani kivuli chote cha Kongo ni chetu, na kwamba tunanuka sabuni na majivuno.

Nilingoja. Kweli niliwatazama watoto, nikangoja awataje, nipate kumshukuru. Hakuwatazama hata. Basi hii ilikuwa hasira yenyewe, na mimi nilijua ni hasira, na mdomo wangu ukafunguka wote. Nilianza na mihogo yake, nikapanda kwenye pua yake, nikafika kwa bibi yake mzaa mama. Watu walikusanyika. Wengine walipiga makofi, maana nilikuwa nimefunga kinywa siku nyingi na vitu vilikuwa vimejaa mle ndani.

Aliyeninyamazisha ni Kabange. Alikuwa kifuani mwangu. Aliinua uso akanitazama kama mtu anayetazama mgeni, akaanza kulia kwa hofu. Sauti ile hakuwa amewahi kuisikia. Nikakata neno katikati.

Nilikwenda nyuma ya kituo nikasali, na sala yenyewe ilikuwa fupi: Bwana, umeona. Kisha nikarudi. Hakuna safari ndefu katika safari yangu yote kama zile hatua ishirini za kumrudia mama wa mihogo mbele ya watu wale wale. Nilimwambia mahali ni pake, kivuli ni chake, na maneno mabaya yote ni yangu, anisamehe. Hakutabasamu. Alisema “Basi,” akaendelea kupanga mihogo. Lakini gari lilipofika, aliinua mzigo wangu akajitwika, akaniingizia dirishani, na juu yake akaweka mihogo miwili ya kuchemsha. Sijui kama alinisamehe ama alitaka tu niondoke upesi. Nashukuru kwa yote mawili.

Kongolo

Habari hufika Kongolo kabla ya gari. Tuliposhuka, tayari kulikuwa na watu wanaojua: binti wa mzee yule wa ng'ambo ya reli, yule aliyemtukana baba yake sokoni, amekuja na mapasa. Walinifuata. Kwanza watano, kisha kumi, na tulipovuka reli kuelekea nyumbani nikaacha kuhesabu. Nilikuwa nasali Salamu Maria na kupotea katikati, naanza tena, napotea pale pale.

Baba alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe. Alisimama aliponiona. Nilisimama mbali na kizingiti, nikapiga magoti mchangani, mtoto mmoja mbele na mmoja mgongoni, nikamsalimia. Hakuitikia. Aliweka mpini chini taratibu, akaja mpaka mbele yangu, akaanza.

Alianza na meno yangu. Kwamba yametangulia kushuka garini, mimi nikafuata. Kwamba kichwa hiki kikubwa nilikipeleka Elisabethville na ilikuwa afadhali nikiache huko. Kwamba nazaa kama nguruwe, wawili wawili, sina hata aibu ya kupumzika. Majirani walicheka, na moyo wangu ukaruka: anasalimia mapasa! Nikapiga makofi nikasema, “Asante, Baba.”

Lakini hakucheka pamoja nao. Aliendelea, na sauti ikabadilika.

“Miaka saba. Hata salamu moja hukutuma. Mama yako alikufa anaita jina yako, miye njo nilimufunga macho. Weye ulikuwa wapi?”

Hapo kicheko kikafa. Jibu lilikuja kinywani mwangu lenyewe, na lilikuwa jibu la haki, ndiyo sababu lilikuwa zito kulimeza. Si ni wewe uliyeapa? Si ni wewe uliyefunga mlango? Ningerudije? Nilikuwa nalo limekamilika, na niliona wazi lingemfika wapi. Nikamkumbuka fundi na kitambaa chake, jinsi alivyotafuta tusi lingine asilipate. Nikafikiri: haya ni maumivu ya mtu mzima ya miaka saba, na hana mahali pengine pa kuyaweka. Acha ayaweke hapa. Na safari hii nilijua ninachopokea.

Nikasema, “Ndiyo, Baba. Ni kweli. Asante, Baba.”

Aliongeza. Nami nikaitikia hivyo hivyo kwa kila neno, machozi yananidondokea mtoto kichwani. Mpaka leo sijui neno lipi lilikuwa la mapasa na lipi lilikuwa la hasira. Nadhani hata yeye hakujua. Mwishoni sauti ikamkauka, akabaki amesimama anahema, na mimi nikabaki magotini. Malipizi yangu yalikuwa yamekwisha. Nilimshukuru Mungu kwa hilo tu, na nikaanza kufikiri nitalala kwa nani.

Kisha baba akasema, “Jibu.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. “Miye nimemaliza. Sasa ni weye.”

Nikamwambia siwezi. Nilikwisha kumtukana mara moja, ikatosha kwa maisha yangu yote, na padri amenikataza.

“Padri hakuzaa mapasa,” alisema. “Siku ile ulinitukana kwa ajili yako. Leo nitukane kwa ajili ya hawa. Unataka bajukuu bangu basalimiwe nusu?”

Bajukuu bangu. Wajukuu wangu. Nililisikia neno hilo, na majirani wakalisikia.

Nikafungua kinywa. Mimi Melania, niliyemmaliza mama wa mihogo mpaka bibi yake, nilitafuta tusi moja la kumpa baba yangu kwa heshima na nisilione. Nilimtazama kuanzia juu mpaka chini. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vibaya, kimoja juu kimoja chini. Miguu ilikuwa imekonda.

“Baba,” nikasema, “miguu yako imekuwa nyembamba sawa ya korongo, na… na nani anakupikia?”

Nikashindwa kuendelea, nikalia kama siku niliyosikia mama amekufa. Majirani walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Baba akawageukia.

“Hata kutukana amesahau,” akawaambia. “Elisabethville imemuharibu kabisa.”

Akainama, akamchukua Mbuyu kutoka mikononi mwangu, akageuka, akaingia naye ndani. Mimi nilibaki pale pale magotini, kwa sababu kiapo kilikuwa chake na sikuwa na haki ya kukivunja. Kisha nikasikia sauti yake kutoka ndani.

“Unangoja nini pale inje? Bukari inapoa.”

Nikavuka kizingiti. Mkekani palikuwa na sahani mbili, na bukari ilikuwa imepoa kweli, maana aliisonga kabla sijafika.